Lundo la mawe ya chokaa halisawazishi inavyotakiwa: niongeze kasi ya staka, au tatizo liko kwingine?

ChokaaNaUdongo aliuliza:

Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu na wa utendaji.

Mtambo wenyewe uko hivi. Malundo mawili ya mstari, moja linajengwa huku lingine likichotwa. Upana chini ni mita 30, kilele kina urefu wa mita 150, na ukihesabu ncha zote mbili lundo lililojaa ni kama tani 39,000. Tunarundika kwa shevroni, yaani staka (mashine ya kurundika) inakwenda na kurudi juu ya mstari wa kati. Mtiririko ni tani 600 kwa saa na staka inatembea mita 20 kwa dakika. Kuchota ni kwa daraja la skrepa (mashine inayokwangua mawe kutoka mguuni mwa uso wa lundo) lenye haro (fremu yenye meno ya kuushusha uso huo), tani 300 kwa saa.

Sampuli za kila saa za CaCO3 zinaonyesha mkengeuko wastani (standard deviation) wa 3.0 kabla ya lundo na 0.9 baada ya lundo. Hiyo ni 3.3 kwa 1, wakati makabrasha ya mtambo yanataja 10 kwa 1. LSF (kipimo cha kiasi cha chokaa kwenye malighafi ya saruji) kwenye kinu inayumba, na inayumba vibaya zaidi tunapobadilisha lundo.

Wenzangu wanataka tupandishe kasi ya staka hadi mita 30 kwa dakika ili tupate matabaka mengi. Je, itasaidia?

---

KapiNaMkanda alijibu:

Haitasaidia, au itasaidia kidogo mno. Tuanze na idadi ya matabaka uliyonayo sasa.

Chukulia mawe yanatulia kwenye mteremko wa nyuzi 37. Upana wa mita 30 unakupa kimo cha mita 11.3, na eneo la mkato ni mita za mraba 170 hivi. Kwa uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo, kila mita ya urefu wa lundo imebeba tani 237. Staka nayo kwa tani 600 kwa saa na mita 1,200 kwa saa inaacha nusu tani kwa kila mita katika kila safari. 237 gawanya kwa 0.5 ni zaidi ya matabaka 470. Ukienda mita 30 kwa dakika yatafika 700. Kwa maana ya kijiometria 470 yanatosha na kubaki.

Sasa, kanuni ambayo kila mtu anaikariri ni kwamba uwiano wa kusawazisha ni mzizi wa pili wa idadi ya matabaka. Mzizi wa 470 ni 21 na kitu. Mbona hamuoni 21, wala 10? Kwa sababu kanuni hiyo inadai kila tabaka liwe na ubora usiohusiana na wa jirani yake. Safari moja ya staka kwenye lundo lako ni dakika 7 na nusu. Ekskaveta kule machimboni ikikaa kwenye mwamba uleule saa mbili, staka imepita mara 16 ikimwaga kitu kilekile. Hayo si matabaka 16, ni tabaka moja nene lililokatwakatwa.

Kwa hiyo hesabu vipande vya muda, usihesabu safari. Lundo lako linajengwa kwa saa 65 hivi. Kama mwamba unabadilika kila baada ya saa mbili, una vipande 32 vinavyojitegemea, na mzizi wake ni 5.7. Hapo ndipo dari yako ilipo, hata staka ikimbie namna gani. Kupandisha kasi kutakuongezea uchakavu wa magurudumu, reli na breki za kugeuzia, basi.

Kitu cha kufanya kwanza: chukua takwimu zenu za kila saa kabla ya lundo, angalau za malundo matatu mfululizo, ukokotoe uhusiano wa kitakwimu (correlation) kati ya saa moja na inayofuata, kisha kwa tofauti ya saa mbili, saa tatu, hadi ufike karibu na sifuri. Jumlisha namba zote hizo za uhusiano, zidisha kwa 2, ongeza 1. Jibu ni urefu wa kipande kimoja kwa saa. Lete hapa tuone.

Kuna jambo moja la kasi ambalo lina maana. Mkanda wa uwanjani unaoilisha staka nao unatembea. Staka ikienda upande uleule wa mkanda inapokea kidogo, ikirudi kinyume inapokea zaidi. Kwa mkanda wa mita 2 kwa sekunde na staka ya mita 20 kwa dakika, tofauti ni asilimia 17 pungufu upande mmoja na 17 zaidi upande wa pili. Ili tabaka liwe na unene mmoja, iwekeni mita 17 kwa dakika ikifuata mkanda na mita 24 ikienda kinyume. Kwa mota yenye kidhibiti kasi hiyo ni kuingiza namba mbili tu.

---

Sampuli_Mbili alijibu:

Kabla hujalilaumu lundo, pima kosa la maabara. Hiyo 0.9 yako ina vitu viwili ndani yake: mabadiliko halisi ya mawe, na kelele ya kuchukua sampuli, kugawa, kusaga na kupima. Lundo haliwezi kusawazisha kelele ya maabara.

Namna ya kuipata: chukua sampuli pacha kwenye mkanda, mbili kwa wakati mmoja, kila moja iandaliwe peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Jozi 30 zinatosha. Tafuta tofauti ya kila jozi, ipandishe kwa mraba, jumlisha zote, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya jozi, kisha toa mzizi. Tuseme umepata 0.6, namba ya kawaida kwa mawe ambayo hayajasagwa. Halafu ondoa mraba wake kwenye kila upande:

kutoka: 0.81 − 0.36 = 0.45, mzizi 0.67
kuingia: 9.00 − 0.36 = 8.64, mzizi 2.94

Uwiano umetoka 3.3 ukafika 4.4 na hakuna mtu aliyegusa boliti. Ona pia kwamba kosa hilohilo upande wa kuingia halikubadilisha kitu. Linauma upande wa kutoka tu, kwa sababu huko mabadiliko yenyewe ni madogo.

Na sampuli ichukuliwe vipi? Kikata sampuli kipite mkondo wote, toka ukingo hadi ukingo, kwa mwendo usiobadilika. Mdomo wake usipungue mara 3 ya jiwe kubwa kabisa, kwa hiyo kama krasha (mashine ya kuvunja mawe) inatoa hadi milimita 80, mdomo uwe 240. Mwendo usizidi mita 0.6 kwa sekunde, ukizidi mawe makubwa yanagonga ukingo na kuruka nje. Kuchota kwa koleo juu ya mkanda unaotembea ni kujidanganya: unapata mawe ya juu na kuacha vumbi lililozama chini, na kwenye machimbo mengi vumbi ndilo lenye udongo mwingi, kwa hiyo CaCO3 inasomeka juu kuliko ilivyo.

Jambo la mwisho, sampuli za kuingia na za kutoka ziwakilishe tani sawa. Ninyi mnaingiza tani 600 kwa saa na kutoa 300. Sampuli ya saa moja inayoingia inabeba tani 600, ile inayotoka 300. Unganisheni mbili mbili za kutoka, la sivyo mnalinganisha vitu visivyolingana.

---

ReklemaZamu3 alijibu:

Wakubwa wamegusa hesabu, mimi niseme kuhusu uso wa lundo, maana watu hukaa kwenye chumba cha kuongozea mitambo wakadhani daraja linachota mkato mzima kumbe halichoti.

Simamisha reklema (mashine ya kuchota), funga na ning'iniza kufuli kama taratibu zinavyotaka, kisha simama pembeni mbali na mteremko utazame uso. Unatakiwa kuona mikwaruzo ya meno ya haro kuanzia kileleni hadi chini, kulia na kushoto, bila sehemu laini. Sehemu laini ni mahali ambapo haro haifiki. Nyenzo za hapo hazichotwi mpaka ziporomoke zenyewe, na zikiporomoka zinakuja tani kadhaa kwa mkupuo, za eneo moja. Kwenye grafu ya maabara hiyo ni mwiba uliosimama peke yake.

Sababu ninazozijua:

Haro imesimama wima kuliko mteremko wa mawe. Hapo inakwangua chini tu, juu panabaki pananing'inia, kisha bamba zima linaanguka. Ikilala kupita kiasi mambo yanageuka: inashusha mawe ya juu, nayo yanafunika ya chini. Kamba ya chuma ya kurekebishia iko pale kwa kazi hiyo, na mvua ikinyesha mteremko hubadilika, kwa hiyo pembe iliyowekwa siku ya kuwasha mtambo si amri ya milele.

Meno yamekwisha au yamepinda. Mwendo wa haro kwenda na kurudi lazima uzidi nafasi kati ya jino na jino. Jino moja likikosekana unaachwa ukanda usioguswa kuanzia juu hadi chini, na utauona kwa macho.

Daraja linasonga hatua kubwa mno. Waendeshaji hupenda kuongeza hatua wakati kinu kinalia njaa. Skrepa inajaa, haro haijamaliza kuushusha uso, na kinachokwenda ni mawe ya chini, ambayo ndiyo makubwa. Mlundikano wa shevroni daima huwa na mawe makubwa miguuni na laini katikati. Kinachookoa ni kwamba daraja linachukua vyote kwa pamoja. Likiacha kufanya hivyo, shevroni haina faida.

---

ChokaaNaUdongo aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya alichosema KapiNaMkanda kwa takwimu tulizonazo. Uhusiano kwa saa 1 ni 0.6, saa 2 ni 0.3, saa 3 ni 0.1, baada ya hapo hakuna kitu. Sampuli pacha bado, lakini nikiazima 0.6 ya Sampuli_Mbili nina 4.4.

Na zile ncha? Staka yetu inageuka palepale tangu safari ya kwanza hadi ya mwisho.

---

KapiNaMkanda alijibu:

Safi, takwimu zako zimejieleza. 0.6 + 0.3 + 0.1 ni 1.0, mara 2 ongeza 1 ni saa 3. Saa 65 gawanya kwa 3 ni vipande 22 hivi, mzizi wake 4.7. Wewe una 4.4. Ikiwa kosa la maabara ni kweli 0.6, lundo lako linafanya karibu kila kinachowezekana kwa mawe linayoletewa, na hiyo tofauti ndogo ya 0.3 ndiyo ya kugawana kati ya ncha na haro.

Dawa kubwa basi iko machimboni. Badala ya kumaliza uso mmoja ndipo uhamie mwingine, fungua nyuso mbili au tatu na malori yapishane kwa uwiano uliopangwa, mathalani mawili ya chokaa safi kwa moja la chokaa chenye udongo. Mabadiliko yaliyokuwa ya saa 3 yanakuwa ya dakika. Ila angalia: mawe yanayoingia yatakuwa tayari yamechanganyika ndani ya saa moja, mkengeuko wa kuingia utashuka, na ule uwiano wa kuingia kwa kutoka unaweza hata kupungua kwenye ripoti. Usishtuke. Kinu hakili uwiano, kinakula mawe. Tazama mkengeuko wa kutoka.

Mtego mmoja hapo: safari ya staka kwenda na kurudi ni dakika 15. Kama mzunguko wa malori nao ukiangukia dakika 15, lori la chokaa safi litamwagwa kila mara sehemu ileile ya lundo. Unajenga lundo lenye kichwa cha ubora mmoja na mkia wa mwingine, na hakuna haro itakayokuokoa, kwa sababu daraja linachota mkato kwa mkato. Dalili yake ni mteremko wa polepole kwenye CaCO3 tangu mwanzo wa lundo hadi mwisho. Badilisheni kasi ya staka kwa asilimia 10 au 15 kila baada ya saa chache, mvunje huo mwendo wa pamoja.

Kuhusu ncha. Kila ncha ni nusu koni yenye nusu kipenyo cha mita 15, yaani takriban tani 1,860. Kwa tani 300 kwa saa ni saa 6 za kuchota kitu ambacho si mkato kamili. Staka inapogeukia palepale, safari za mwanzo hazifiki mguuni mwa ncha, na za mwisho zinaifunika yote, huku mawe makubwa yakibingirika hadi chini. Kwa hiyo unapoanza lundo unachota zaidi nyenzo za saa za mwisho tena zenye mawe makubwa, na unapomaliza ni vivyo hivyo. Ndiyo maana LSF inayumba mnapobadilisha.

Rekebisha hivi. Safari za kwanza ziende hadi karibu na mahali mguu wa ncha utakapokuwa. Kila mkono wa staka unapopanda mita 1, pointi ya kugeukia irudi ndani mita 1.33. Kimo cha mita 11.3 kikifika, umerudi ndani mita 15 na uko kwenye kilele chako cha mita 150. Hivyo kila tabaka linafika kwenye uso wa ncha. Tatizo haliishi, linapungua sana. Kinachobaki, tani mia kadhaa za mguuni, zichukuliwe kwa loda na kurudishwa kwenye hopa ya krasha kidogo kidogo. Hata ukirudisha ncha nzima ndani ya saa 65 ni chini ya tani 30 kwa saa, asilimia 5 ya mtiririko wako.

Na mkono wa staka uwe karibu na kilele wakati wote. Kihisi cha kimo kikilegea ukaanza kudondosha kutoka mita 3 au 4, mawe yanatengana kwa ukubwa hata katikati ya lundo, na vumbi linakwenda na upepo.

---

UwanjaWaMakaa aliandika:

Naomba kuuliza hapahapa. Sisi ni makaa ya mawe, tuna skrepa ya pembeni, siyo daraja, na tunarundika shevroni. Majivu yanapanda na kushuka kwa siku nzima. Ni lilelile?

---

ReklemaZamu3 alijibu:

Siyo lilelile, ndugu. Skrepa ya pembeni inakwangua ubavu kwa urefu wa lundo. Matabaka ya shevroni yamelala sambamba na ubavu huo, kwa hiyo unayavua moja moja, na unaanza na yaliyowekwa mwisho. Hapo hamchanganyi, mnarudisha historia ya urundikaji kinyumenyume. Kama mkono wa staka unaweza kupanda na kuzunguka, rundikeni kwa mistari mingi sambamba inayojaza upana wote, ngazi juu ya ngazi, ili kila mkwanguo uvuke mistari mingi. Bado hamtafikia daraja. Kama mkono hauzunguki, tengenezeni mchanganyiko kabla, kwenye mkanda, kwa kulisha makaa ya aina mbili kutoka hopa mbili zenye mizani.

---

Sampuli_Mbili alijibu:

Niongeze moja kwa ChokaaNaUdongo, kwa sababu najua ataulizwa. Wastani wa lundo zima ni suala tofauti na mkengeuko ndani ya lundo. Mabadiliko yanayodumu kuliko saa 65 lundo haliyaoni kabisa, yanatokea kama tofauti kati ya lundo na lundo. Hayo yanarekebishwa wakati wa kujenga: kila saa weka wastani wa tani zote zilizokwisha kuingia, linganisha na lengo, uwaambie machimbo wabadilishe uwiano wa malori.

Fanya mapema. Lundo likiwa nusu na wastani uko chini kwa 0.5, nusu iliyobaki ije juu kwa 0.5, inawezekana. Likiwa limefika asilimia 80, ile 20 iliyobaki lazima iwe juu ya lengo kwa 2.0. Pengine mawe hayo hamna, na hata mkiyapata yanakuwa ngozi ya juu ya lundo na kujaa kwenye ncha. Wastani kwenye karatasi utakuwa mzuri, na saa 6 za kwanza za kuchota zitakuwa mbaya kuliko kama mngeliacha. Baada ya asilimia 70 mimi ningeliacha lundo lilivyo, tofauti nikaifidia kwa mizani ya kulishia kinu na kulenga lundo linalofuata.

Wastani huo upigwe kwa tani za mzani wa mkanda, usiupige kwa saa. Krasha ikikwama dakika 40, saa hiyo haina uzito sawa na nyingine. Na mzani huohuo uifunge staka: mkanda ukiwa mtupu staka isimame palepale, ikiendelea kutembea bure itaacha pengo upande mmoja wa lundo na nundu upande wa pili.

---

ChokaaNaUdongo aliandika:

Nimeelewa. Kasi tunaiacha, tunaweka 17 na 24 kwa pande mbili, pointi za kugeukia tunaziingiza kwenye programu ya staka kuanzia lundo linalofuata. Swali dogo: hiyo mita 1.33 niitumie hata mawe yakiwa na unyevu?

---

KapiNaMkanda alijibu:

Hapana, 1.33 ni ya nyuzi 37. Pima mteremko wenu wenyewe kwa kipima pembe kwenye ncha iliyotulia, kiangazi na mvua. Kwa nyuzi 40 ni mita 1.19, kwa 35 ni 1.43. Mkikosa hakika tumieni kubwa: mkono ukirudi ndani mapema ncha inakuwa na mteremko wa kulala, hiyo haidhuru. Ukichelewa, mawe yanabingirika nje ya mguu hadi kwenye njia ya daraja.